Kichwa cha Guka

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Miaka thelathini na minne nilifanya kazi bila saa, maana ile ya chumba cha picha za eksirei ilikufa kabla sijaajiriwa, na siku niliyoacha kuwa na pa kuwahi ndiyo mkaninunulia. Asanteni. Nimeitundika sebuleni hapa mtaani Dallas, Embu, na kila asubuhi inaniarifu kwamba ni saa mbili na sina foleni.

Kisha mkaniomba niwaandikie maneno mawili ya busara muyabandike karibu na mashini. Nawajua. Mlitaka kitu kifupi chenye maua pembeni. Nimeandika hiki badala yake, na kikizidi ukuta, kurasa zilizobaki zibandikeni chooni, mahali pekee ambapo matangazo ya hospitali husomwa hadi mwisho.

Ya vyeo sitayagusa. Waliopandishwa mbele yangu wanajijua, na baadhi yao hadi leo hawawezi kushika filamu bila kuiachia alama za vidole. Nitaanza na siku ya kwanza.

Siku hiyo nilishuka Embu kutoka kwetu Meru na koti jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Nilipokewa na Mzee Nyaga, mkuu wa chumba cha picha, mwanamume mwembamba aliyenuka dawa ya kusafishia filamu hata Jumapili kanisani. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Meru. "Haidhuru," akasema. "Tutaficha visu." Sisi Wameru tunasifika kwa hasira na visu, na hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ya kunikaribisha. Wakati huo picha zilisafishwa gizani kwenye matangi matatu, zikaanikwa kwenye waya kama soksi. Ukipitisha dakika moja, picha inatoka nyeusi tititi, na mgonjwa anarudi kesho akiwa na maneno yake tayari.

Mzee Nyaga alikuwa na tabia moja ambayo wanafunzi walimchekea. Picha ikikauka, aliibandika kwenye kisanduku cha taa, akaifunika fomu ya daktari kwa kiganja cha kushoto, akaiangalia picha. Alisema kwanza alichokiona, ndipo akaondoa mkono na kusoma. Nilimwuliza sababu.

"Hii fomu imeandikwa na mtu ako na watu arobaini huko nje," alisema. "Ameandika chenye anataka uone. Ukisoma kwanza utaona hicho tu, na utafurahi umemaliza haraka."

Kila nilipochungulia karatasi alinichapa mkononi. "Wewe Kagendo, toa macho kwa hiyo karatasi!" Baada ya mwaka mmoja mkono wangu ulikuwa unajifunikia fomu wenyewe, hata kabla sijaketi.

Mzee alistaafu akaenda kutunza kahawa yake. Mimi nikabaki mkuu. Matangi ya dawa yakatupwa, mashini ya CT, inayopiga picha hadi ndani ya ubongo, ikaletwa, foleni ikafika getini, na pole pole kiganja changu cha kushoto kikapata kazi nyingine, ya kushika kikombe cha chai. Sikuamua kuacha kufunika fomu. Niliacha tu, kama mtu anavyoacha kwenda jumuiya ya kanisa.

Hapo ndipo alipoletwa Njiru.

Alikuwa na miezi minane, mtoto wa kijiji cha Kanja, mnene, mwenye kucheka na kila mtu. Kichwa chake kilikuwa kimepita mstari wa juu kwenye kadi ya kliniki na kilikuwa kinaendelea na safari. Mama yake alimbeba, na nyuma yao akaja babu mzaa baba, Guka Njiru, ambaye mtoto alipewa jina lake. Kwa wale mliotoka mbali niwaeleze: kwa Waembu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na jina haliji peke yake. Hasira ya babu, mwendo wake, namna yake ya kukohoa, vyote hutafutwa kwa mtoto mpaka vipatikane. Nyanya yake alikuwa akimwita mtoto huyo wa miezi minane "bwana yangu" na kumwuliza kama ameshiba.

Guka alikuwa na kofia ya kahawia aliyoshonewa na fundi kwa kipimo, kwa kuwa hakuna duka mjini lililokuwa na saizi yake. Aliivua mbele yangu, akainamisha kichwa kama mtu anayewasilisha ushahidi kortini.

"Daktari, si uangalie wewe mwenyewe," akasema. "Hii kichwa ni yangu. Mtoto amenifuata. Sasa hapa mnatafuta nini?"

"Lakini bado hakai vizuri," mama akasema kwa sauti ndogo. "Na shingo yake haina nguvu." Hakuna aliyemjibu, mimi nikiwa wa kwanza katika kutomjibu.

Fomu ilisema: kichwa kikubwa, huenda ni cha ukoo. Niliisoma yote, kikombe mkononi. Na sikuishia kusoma. Kwenye droo kulikuwa na tepu ya fundi wa nguo; niliichukua nikampima Guka kichwa, chumba kizima kikicheka, Guka mwenyewe akicheka kuliko wote. Kwa kweli kilikuwa kichwa kikubwa. Nikaandika chini ya fomu, kwa mwandiko mzuri ambao walimu walikuwa wakiusifu: "Kichwa cha babu kimepimwa, nacho ni kikubwa vilevile."

Halafu nikampiga mtoto picha ya CT. Pande zote mbili za ubongo, juu kidogo ya masikio, kuna mahali ambapo nyama ya ubongo hukutana na kufunga. Kwa Njiru hapakuwa pamefunga. Kulikuwa na nafasi mbili pana zilizojaa maji, kulia na kushoto. Niliziona. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu katika kazi yetu mtu akikosea husema hakuona. Mimi niliona, nikasema kwa sauti kwamba nyumba kubwa haikosi vyumba vitupu, na Guka akacheka tena. Bingwa wa kusoma picha, aliyekuwa mji mwingine na rundo lake, alisoma maandishi yangu kabla ya picha, akajibu kwamba yote ni ya kawaida kwa familia hiyo. Tulikuwa tumekubaliana wasomi watatu na kofia moja.

Baada ya miezi minne Njiru alishikwa na homa. Siku tatu alitapika na kukataa kula. Zahanati ikasema malaria. Siku ya tatu akakakamaa, mikono ikapinda, ulimi ukaacha kumtii. Hospitalini wakaandika homa ya uti wa mgongo, baadaye wakaifuta wakaandika mtindio wa ubongo, na kijijini wakasema amerogwa, wao hawakuhitaji fomu. Hakusimama tena. Mimi nilisikia habari kwenye korido, kwamba yule mtoto wa guka wa kofia ameharibika. Nikasema pole, nikaita mgonjwa aliyefuata. Ningependa kuwaambia kwamba sikupata usingizi. Nililala vizuri sana.

Miaka ikapita, tukaletewa MRI, ile mashini ya sumaku. Mnakumbuka sherehe. Hema mbili, kwaya, hotuba zilizochukua muda mrefu kuliko ujenzi. Mgeni wa heshima alitaka kukata utepe mle ndani kabisa, kando ya mashini, ili apigwe picha nayo, na mkononi alikuwa na mkasi wa chuma. Nilimzuia mlangoni kwa mwili wangu. Msaidizi wake aliniuliza kama najua ninazungumza na nani. Nikamwambia mimi najua, lakini sumaku haijui. Wakakata utepe nje. Kisha mashini ikakaa miezi kimya, kwa kuwa kwenye hotuba zote zile hakuna aliyekumbuka kiyoyozi.

Kilipopatikana, Mama Njiru naye alikuwa amejifungua tena mtoto wa kiume. Yeye ametoka Kangeta, kwetu Meru, binti wa Mzee Mugambi anayefanya biashara ya miraa, na mtoto wa pili alipewa jina la huyo baba yake, kama desturi inavyotaka. Sasa Mzee Mugambi ana kichwa kidogo. Sisemi hivi kwa ubaya. Kofia ya mtoto wa darasa la tatu ingemtosha na nafasi ikabaki. Lakini mtoto Mugambi alipofika miezi mitatu kichwa kilianza kupita mstari kwenye kadi, na huko Kanja wakasema huyu pia amemfuata Guka Njiru. Habari hiyo ikafika Kangeta.

Nilimkuta Mzee Mugambi kwenye korido yangu, mjukuu mkononi, shavu moja limejaa miraa na sauti imejaa jengo.

"Mimi nilipewa heshima ya jina, nikaikubali! Sasa naambiwa jina ni yangu lakini kichwa ni ya yule mzee wa Kanja. Haiwezekani! Mtu hawezi kunyang'anywa mjukuu akiwa hai! Mpigeni picha tujue hii kichwa ni ya nani!"

Katika miaka yangu yote hilo ndilo swali la kisayansi kuliko yote lililowahi kuletwa idarani kwetu, na liliulizwa na mtu anayetetea fuvu lake.

Kando yake alisimama Daktari Wanja, daktari mpya wa watoto, mdogo kiasi kwamba askari wa getini alikuwa bado anamwuliza amekuja kumwona mgonjwa gani. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshamwuliza mama kama kichwa cha yule wa kwanza kilianza hivi hivi, na ugonjwa wake ulikujaje. Mama akatoa kwenye mkoba bahasha ya kaki aliyokuwa akiihifadhi chini ya godoro, ndani yake picha ya Njiru na fomu yake.

"Madam, naomba tuangalie pamoja," Daktari Wanja akaniambia.

Niliuona mwandiko wangu kabla ya picha. Nikaufunika kwa kiganja cha kushoto, na safari hii sababu haikuwa ile ya Mzee Nyaga. Picha ikabaki peke yake kwenye taa, nafasi zake mbili wazi kama nilivyoziacha.

"Hizi si za ukoo," daktari akasema. Akatueleza, mimi na mama na Mzee Mugambi aliyekuwa ameacha kutafuna. Kuna watoto wanaozaliwa na mwili usioweza kumaliza kuvunja sehemu fulani ya protini. Mabaki yake hugeuka sumu. Kichwa hukua haraka na ubongo huacha nafasi pembeni, mtoto akiwa bado anacheka na kunyonya, haonekani mgonjwa. Halafu inakuja homa na siku moja ya kutokula, mwili unaanza kujila wenyewe, sumu inapanda kwa pamoja na kuchoma sehemu za ndani zinazoongoza mwendo. Kabla ya siku hiyo kuna mengi ya kufanya. Baada yake hakuna la kurudisha.

"Kwa hivyo tuko na muda mpaka homa ya kwanza," akasema. Ilikuwa Julai. Kila mtoto kwenye korido ile alikuwa anakohoa.

Kulikuwa na shida moja. Mtoto mchanga hatulii ndani ya MRI mpaka alazwe kwa dawa, na kabla ya dawa ya usingizi hapaswi kula kwa saa kadhaa. Mtu wa dawa za usingizi alinisomea kanuni kutoka ukutani, neno kwa neno. Nikamwambia njaa ndiyo tunayoikimbia, na kwamba huyu hatapewa dawa, atapewa maziwa. Mama alimnyonyesha pale kwenye benchi mpaka akalegea. Nikamziba masikio kwa pamba, nikamfunga blanketi kama mkate. Mzee Mugambi akataka kumbembeleza mwenyewe, kwa kuwa ni jina lake. Tulimvua mkanda, simu, kisu cha kukatia miraa, na kisu kingine alichokuwa amesema hana, nikamkumbuka Mzee Nyaga. Akaimba wimbo wa Kimeru, nje kabisa ya tuni. Mtoto akalala. Mzee, kwa sababu ya kile alichokuwa akitafuna, nadhani hakulala mpaka keshokutwa.

Mashini iligonga kama mafundi wa mabati, na mtoto hakutikisika. Nikaketi, nikaweka kikombe sakafuni, nikaifunika fomu. Nafasi zilikuwepo, kulia na kushoto, zilezile za kaka yake. Lakini zile sehemu za ndani, za mwendo, zilikuwa bado safi. Nikaichukua tena picha ya zamani ya Njiru nikaangalia pale pale. Kwake pia zilikuwa safi siku ile. Miezi minne tulikuwa nayo.

Bingwa wa kusoma picha alinipigia simu akiwa barabarani. "Madam Kagendo, hii si ni kichwa tu ya familia? Naona hata kwa kaka yake mliandika hivyo."

"Niliandika mimi," nikasema. "Ifunike uangalie picha."

Nilisikia akisimamisha gari. "Aki," akasema. "Ni pande zote mbili."

Tone la damu likatumwa nje ya nchi kwenye karatasi, na jibu likachukua muda wake, likithibitisha alichosema daktari. Daktari Wanja hakulingoja. Alianza dawa, akapunguza maziwa na maharagwe na nyama kwenye chakula cha kumwanzishia mtoto, jambo ambalo Kanja lilipokelewa kama tusi. Mzee Mugambi alituma ujumbe kwamba hata yeye aliyebakiwa na meno machache anakula nyama. Na daktari akaandika barua, yenye muhuri: mtoto huyu akipata homa, asipange foleni, awekewe dripu ya sukari mara moja.

Homa ilikuja Agosti. Mama alifika na mtoto amelegea, na karani wa dirishani akamwambia, "Homa? Kaa hapo, wewe ni sitini na mbili." Alionyeshwa barua. Aliusifu muhuri wake, akaiweka chini ya stepla.

Mama alikuwa amekuja na wazee wote wawili, ambao hawakuwa wamesemezana tangu kesi ya kichwa. Nilikuwa napita na nikaona kwa macho yangu. Mzee Mugambi alianza kupiga kelele, ambayo karani aliizoea, kwa kuwa Wameru tunaumwa kwa sauti. Ni Guka Njiru aliyefika dirishani kimya. Alivua kofia yake, akaipitisha kwenye tundu la kioo, akaiweka juu ya daftari la karani. Ilifunika ukurasa wote.

"Hiyo kofia nilikuwa nimewekea mjukuu wangu wa kwanza," akasema. "Tulimpangisha foleni. Sasa hawezi hata kuishika. Hutaandika mtu mwingine hapo mpaka huyu aone daktari."

Karani aliangalia kofia, akaangalia kichwa kilichotoka humo, akafungua mlango. Dripu iliingia kabla ya saa nne ya chai. Siku tatu tulizunguka kitanda kile kama watu wasio na kazi. Siku ya nne mtoto Mugambi aliamka akang'oa plasta ya dripu kwa mikono yake miwili, mikono iliyonyooka, na Daktari Wanja akatoka nje akalia nyuma ya stoo ya shuka. Mimi sikulia. Nilikuwa na deni mahali pengine.

Nilikaa na deni hilo mpaka nilipostaafu, kwa sababu ni rahisi kuwa jasiri mbele ya mgeni wa heshima kuliko mbele ya mama. Mwezi uliopita nikaenda Kanja. Mugambi ana miaka saba sasa. Nilimkuta juu ya mparachichi, akiamriwa ashuke na hashuki. Njiru ana kumi na mmoja. Yuko kwenye kiti cha magurudumu barazani, mwili umepinda, maneno yanamtoka kwa shida moja moja, lakini akili yake haikuguswa. Hucheka mzaha kabla wewe hujaumaliza. Watu huongea mbele yake kana kwamba hayupo, na ninadhani hakuna anayeijua Kanja kumshinda.

Nilimwambia mama yake: ni mimi niliyempima Guka. Ni mimi niliyeandika. Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha.

"Najua, sister," akasema. "Nimelalia mwandiko wako miaka hiyo yote. Niliuona tena siku ya Mugambi, ukiufunika na mkono. Nilikuwa nangoja tu uje."

Njiru akasema kitu. Mama akanitafsiria: anataka kuona picha yake. Akaileta ile bahasha, nikaishika filamu juu mbele ya jua, nikamwonyesha kwa kidole, hapa, na hapa. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza mwenyewe, akilitafuta kila neno, na sikuhitaji mkalimani.

"Siku hiyo... uliona?"

"Niliona," nikasema.

"Ukafanya... nini?"

"Nikampima guka kichwa."

Akacheka. Alicheka mpaka mwili wote ukapinda na kiti kikagonga ukuta, akacheka kama watu walivyocheka siku ile chumbani, na Mugambi akashuka mtini kuja kuona kuna nini. Mimi nililia pale barazani, mtu mzima, na filamu mkononi.

Tepu ya fundi wa nguo niliiacha kwenye droo ya pili, chini ya betri zilizokufa. Akiletwa mtoto mwenye kichwa kikubwa, weka chai chini. Funika fomu. Mama akisema shingo haina nguvu, mjibu. Mpime mtoto, na guka mwambie angoje nje.